Makinda Waliopakwa Hina

Mara ya kwanza kumwona njiwa akipinduka angani, nilitupa ufagio nikakimbia na beseni kwenda kumdaka.

Ilikuwa siku yangu ya tatu kazini, Al Qusais, mtaa wa Dubai. Nilikuwa nafagia ua huku nimeinua uso, kwa sababu kundi la njiwa lilikuwa linazunguka juu ya nyumba yetu, na ghafla mmoja wao, mwekundu, akajirusha kinyumenyume. Alipinduka mara nyingi mfululizo, kwa kasi hata sikuweza kutofautisha kichwa na mkia, huku anashuka wima kuelekea nilipo. Nikajua huyo amekufa. Nikamwaga nguo zilizokuwa kwenye beseni, nikaliinua juu kwa mikono miwili, nikaanza kukimbia huku na huku nikimlenga. Alipofika usawa wa antena ya jirani akafungua mabawa, akatulia, akapanda tena kwa wenzake bila haraka. Mimi nikabaki katikati ya ua na beseni kichwani, shuka za watu zimelala kwenye vumbi.

Nyuma yangu mtu alikuwa anacheka. Ni mwajiri wangu, mama wa miaka sabini na ushei, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya ukuta, amejishika mbavu.

"Ulitaka kumfua?" akaniuliza.

"Madam, nilidhani amezimia."

"Hajazimia. Anapiga kichwangomba. Ndo kazi yake huyo."

Nikamwambia kwetu Kenya hiyo tunaiita samasoti, na wanaopiga ni watoto wa shule, si ndege. Akacheka upya. Kisha akaniambia niache kumwita madam, kwamba madam ni wa maofisini, na yeye kwao Unguja mtu wa umri wake huitwa Bi Mkubwa. Nikainua uso tena kumtafuta yule mwekundu, na alipopinduka mara ya pili nilizungushwa na macho yangu mwenyewe hata nikaketi chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Sikujali. Nilikuwa nacheka kama mtu aliyetekenywa, na sikumbuki kama nilikuwa nimecheka hata mara moja tangu nishuke kwenye ndege.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Nilikuwa nimetoka magharibi mwa Kenya, kijijini, kuja kufanya kazi za ndani, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu nilichoonywa: madam mkali, chakula cha mabaki, kunyang'anywa simu. Hakuna aliyenionya kuhusu njiwa. Bi Mkubwa alizaliwa Unguja, akaja Dubai na wazazi wake angali binti, akaolewa huku, akazaa huku, akafiwa na mume huku, na Kiswahili chake hakikuwahi kuondoka Unguja hata siku moja. Watoto wake walimjibu kwa Kiarabu. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha Kakamega, naye alikisikiliza kwa subira kubwa, akikirekebisha kila sentensi ya tatu.

Njiwa walikuwa urithi wa baba yake. Mzee huyo alipofika Dubai alipewa jozi moja na Muajemi, muuza mazulia, na kutoka kwa jozi hiyo akazalisha ukoo mzima, akiandika kila kinda kwenye daftari lenye jalada jeusi: nani baba, nani mama, nani babu, alipinduka vipi, alirudi juu au aligonga ardhi. Ameandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, hivyo mimi nilikuwa naiona lugha yangu mwenyewe na sijui hata neno moja. Bi Mkubwa ndiye aliyenisomea. Akanieleza kwamba njiwa hafunzwi kupinduka, huzaliwa nako, kuko kwenye damu, na damu ikichanganywa ovyo kunapotea kabisa au kunabaki kwa fujo, ndege anaanza kupinduka asijue kuacha mpaka anapasukia chini. Wa baba yake walijua kuacha. Hilo ndilo lililompa fahari. Kupinduka si kazi, alisema, kazi ni kurudi.

Nilipofika, kati ya njiwa kumi na mbili waliokuwa kwenye kibanda juu ya paa, wa nasaba safi walikuwa wamebaki wawili tu. Ugonjwa ulikuwa umepita mwaka uliotangulia ukawafagia wengine. Aliyebaki dume ni yule mwekundu, mzee, kucha zimepinda. Aliyebaki jike ni wa kijivu, kijana, mwenye shingo inayong'aa. Waliosalia walikuwa machotara, na mmoja mweupe, dume kubwa lililonunuliwa sokoni kwa ajili ya kulea makinda ya wengine. Mweupe huyo hakujua kupinduka. Alikuwa anaruka moja kwa moja, kwa adabu, kama mtu aendaye kazini.

Na kulikuwa na mapatano. Mwana mkubwa wa Bi Mkubwa, anayekaa Al Barsha, alitaka mama yake ahamie kwake, ghorofa ya kumi na moja, kwenye lifti na walinzi na hewa baridi mpaka kwenye korido. Mama alikataa. Walibishana mwaka mzima, hatimaye wakakubaliana hivi: siku nasaba ya njiwa wa babu itakapokatika, khalas, nyumba itarudishwa kwa mwenye nyumba na Bi Mkubwa atahama. Mwana alikubali haraka kwa sababu anajua kuhesabu mpaka mbili.

Basi joto la Oktoba lilipovunjika, Bi Mkubwa akaniita kitini pake.

"Sasa kawaweke pamoja. Yule mwekundu na yule wa kijivu. Tundu la peke yao, lile la pembeni. Uwape mtama na dengu, na majani makavu ya kujengea."

Yeye mwenyewe alikuwa hapandi tena juu. Magoti yalimkataza, na ngazi ya kwenda paani ilikuwa ya chuma, wima. Kwa hiyo mikono yake kule juu ilikuwa mimi, na macho yake mimi.

"Sawa, Bi Mkubwa. Ni nani na nani hawa? Wanahusianaje?"

Akafungua daftari, akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "Huyu jike ni binti wa binti yake. Mjukuu wake."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mjukuu wa nani?"

"Wa huyu mwekundu. Babu na mjukuu."

"Unataka niwaoze babu na mjukuu?"

"Kwani babu hamwiti mjukuu mke wangu? Hata kwenu?"

"Humwita. Hamchumbii."

Akaniangalia juu ya miwani. "Ni njiwa, mwanangu."

Nikasema sawa. Nikapanda ngazi. Na huko juu, Mungu anisamehe, sikuweza.

Lazima nieleze nilikotoka ili nisionekane mwendawazimu. Kwetu, mvulana na msichana wakikutana sokoni na kupendana, swali la kwanza si jina. Ni ukoo. Halafu ukoo wa mama. Halafu wa bibi pande zote mbili, na pakigunduliwa hata uzi mmoja umegusana, mapenzi yanaishia papo hapo na kila mtu anachukua kikapu chake. Mimi mwenyewe nililia wiki mbili kwa ajili ya mwalimu mmoja mrefu ambaye bibi yake alitoka kwa kina mjomba. Hata kuku hatuwaachi. Kila mwaka mama yangu alimbeba jogoo wake kwapani mpaka kwa jirani ng'ambo ya mto, wakabadilishana, ili jogoo asije akawapanda mabinti zake. Mama alikuwa akimbeba jogoo yule kwa uso wa mtu anayetimiza sheria.

Kwa hiyo nikasimama mbele ya tundu la pembeni, jike la kijivu mkononi, na yule babu mwekundu tayari yumo ndani anaguna na kuvimbisha koo. Nikamwambia, mzee, aibu. Nikamtoa. Nikamrudisha kibandani na wenzake. Halafu nikamchukua yule mweupe wa sokoni, kijana, mwenye afya, asiye na undugu na yeyote katika nyumba ile, nikamwingiza kwa binti. Wakapendana mara moja. Nilishuka ngazi nikiimba wimbo wa kanisani.

"Ushawaweka?" Bi Mkubwa akauliza.

"Nimeweka jozi nzuri sana," nikajibu, na huo haukuwa uongo kamili.

Wiki zilizofuata nilikuwa na furaha isiyo na haya. Nilijiona nimeokoa nyumba nzima na laana. Yai la kwanza lilipotagwa nilishuka ngazi nusu nikiteleza, nikamwambia Bi Mkubwa, akanyanyua mikono akasema alhamdulillahi. Yai la pili likafuata. Siku ya kumi na nane yakaanguliwa yote mawili. Bi Mkubwa akapiga simu Maskati kwa jamaa zake, akapiga simu Unguja kwa wajukuu wa shangazi yake, akapiga simu Al Barsha kwa mwanawe na kumwambia kwa sauti tamu kabisa kwamba asipake rangi chumba cha mgeni. Akaagiza halua. Tuliila mimi na yeye uani kwa kahawa, akinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akilala chali kwenye mkeka paani ili shingo isimuume kwa kutazama, na mimi nikacheka, kisha nikairudisha ile halua sahanini. Nilikuwa nimeanza kufikiri.

Sikuwa nimefikiri juu ya rangi. Makinda wa njiwa huzaliwa na vinyweleo vya manjano, wabaya kweli, pua kubwa, hujui watakuwa nini. Lakini manyoya yalipoanza kuchomoza, siku kama ya kumi na mbili, yalichomoza meupe. Mmoja alikuwa mweupe mabawa yote. Mwingine mweupe kichwa na kifua. Katika daftari la yule mzee, kwa miaka yote ile, Bi Mkubwa alikuwa amenisomea mwekundu, kijivu, kahawia, mwekundu. Hakukuwa na mweupe hata mmoja.

"Kesho uniletee niwaone," akasema. "Tena niwavishe pete za baba kabla miguu haijanenepa."

Mtu mwenye akili angekiri usiku ule. Mimi nilikwenda jikoni, nikachukua kopo la hina.

Nilichanganya na limau na chai ya rangi, kama nilivyomwona yeye akifanya kwa nywele zake. Asubuhi, alipokuwa anaswali dhuha, nilipanda juu na bakuli na mswaki wa zamani, nikawapaka makinda wale bawa kwa bawa, kichwa kwa kichwa, huku mama yao ananidonoa viwiko na yule baba mweupe anatembea huku na huku pembezoni kama shemeji aliyefukuzwa kwenye kikao. Nikawakausha kwa feni. Nikawaosha. Nikawatazama. Hawakuwa wekundu. Walikuwa rangi ya chungwa, rangi ya Fanta kabisa, na mmoja alikuwa na mstari shavuni uliomfanya aonekane amekasirika. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, peke yangu juu ya paa, huku nikijua nimekwisha.

Nikawaweka kwenye kikapu, nikashuka.

Sasa, katika kila nililolijua kuhusu Bi Mkubwa, kuna moja nililolisahau. Alipokuwa kijana Deira, kabla mume hajafungua duka, alikuwa akipaka hina maharusi. Mamia ya maharusi, mikono mpaka kwenye viwiko, miguu mpaka magotini.

Akamchukua kinda wa kwanza kiganjani. Akamgeuza. Akamsogeza puani akanusa, kwa utulivu, kama anayenusa kitambaa kipya. Akamrudisha kikapuni. Akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akatazama ncha za vidole vyangu, ambazo zilikuwa rangi ile ile.

"Nani kaolewa?" akauliza.

Nikasema, "Baba yao ni yule mweupe."

Akauachia mkono wangu. Ndege kubwa ilipita kuelekea uwanjani, ikatupa kivuli kwenye ua, ikaisha. Nikaanza kueleza, haraka haraka, yote kwa pamoja: ukoo, mama, bibi, jogoo kwapani, jirani ng'ambo ya mto, mwalimu mrefu. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeanza kukasirika, maana mimi nikiwa na hatia ndipo napandisha sauti. Nikasema mjukuu ni mjukuu, Bi Mkubwa, hata akiwa na mabawa, na siwezi kumlalisha mtoto na babu yake halafu niende kanisani Ijumaa, Jumapili yetu ya huku, nikapokee mkate.

Akavua miwani.

"Mume wangu," akasema, "alikuwa mtoto wa ami yangu. Baba yake na baba yangu tumbo moja. Miaka arobaini na mmoja tulikaa. Na miye nami ungenihamisha tundu?"

Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile. Nikamwomba msamaha. Nikapiga magoti, kabisa, kwenye saruji, na kikapu pembeni na wale makinda wa chungwa wakilia njaa. Nilimwona akitaka kukasirika na nikaona kitu kingine kinapigana na hasira hiyo mdomoni mwake. Akawatazama tena makinda. Yule mwenye mstari shavuni akamtazama. Kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akakohoa, nami sikujua kama naruhusiwa kucheka, nikacheka chini chini.

Kisha akaacha ghafla.

"Sikukasirika kwa sababu ya njiwa," akasema. "Wewe una desturi zako, na desturi ni kitu kizito, nnaelewa. Ungeniambia hapa hapa kuwa huwezi, ningemwita mtu mwingine. Lakini miye siwezi kupanda. Macho yangu huko juu ni weye. Umeniambia jozi nzuri, nikapiga simu Maskati."

Hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku hiyo akaniamuru nipande na simu, kila asubuhi na kila jioni, nipige picha ya tundu, nimwonyeshe. Hakunigombeza tena. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia kila pembe, akasema haya. Ningependa zaidi angenipiga na kandambili.

Yule mweupe tulimpa mwenye duka la mboga mtaani, ambaye alikuwa na njiwa wake. Makinda tukawakuza, kwa kuwa hawakuwa na kosa. Na mwanzoni mwa Februari, baada ya jike la kijivu kumaliza kumlilia mumewe, nilimtoa babu mwekundu kibandani, nikamwingiza tundu la pembeni kwa mikono yangu miwili. Bi Mkubwa alikuwa amesema angeweza kumwita mtu mwingine. Nikamwambia hapana, nitafanya mimi. Nilifunga macho. Nilipofungua, mjukuu alikuwa anampiga babu kwa bawa.

Ilikuwa vita. Siku nne nzima alimdonoa yule mzee utosini, akimfukuza kutoka kona moja hadi nyingine, na picha zangu zote za wiki ile zinaonyesha mabawa tu. Mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kutetea heshima ya binti huyu, nikajikuta nimechuchumaa mbele ya tundu nikimbembeleza. Nikamwambia huyu mzee ana nyumba yake, ana historia, na mwili wake si mbaya kwa umri wake. Nilimsemea kama mshenga aliyelipwa. Bi Mkubwa alinisikia kutoka uani kwa sababu mimi sijui kusema polepole, na nikamsikia akigonga fimbo yake chini kwa kicheko. Siku ya tano asubuhi walikuwa wameketi bega kwa bega. Nilipiga picha kumi na moja.

Mayai yakaja mawili. Wiki moja baadaye nilimulika kwa tochi ya simu, nikiliziba yai kwa vidole kama alivyonifundisha. La kwanza lilikuwa tupu, mwanga ulipita kama kwenye glasi. Nikamulika la pili, na humo ndani kulikuwa na nukta nyeusi, na kutoka kwenye nukta vijishipa vyekundu vimetapakaa pande zote, na katikati kitu kinadunda. Sikushuka ngazi. Nilipiga kelele kutoka juu, "Bi Mkubwa, lina mtu!" na majirani watatu wakatoka nje.

Akaanguliwa mmoja, dume. Alipofika siku ya nane nilimshusha, Bi Mkubwa akamvisha pete ya shaba ya baba yake, akafungua daftari akaandika. Baba, mama. Alipofika kwenye babu wa mama akasita, akanitazama, akaandika jina lile lile la baba, na sote wawili tukatazama pembeni tusicheke.

Yule mzee mwekundu hakumaliza msimu. Mei, joto lilipoanza kupanda, nilimkuta asubuhi amelala kwenye kona ya kibanda, miguu imenyooka. Nilimfunga kwa kitambaa cheupe nikamshusha. Bi Mkubwa alimshika mapajani muda mrefu. Nililia, na nilijishangaa nalia kwa ajili ya nani, maana mimi ndiye niliyemwambia aibu.

Kiangazi chote hatukurusha. Nilipanda alfajiri na jioni na barafu kwenye beseni, nikawawekea feni, nikawasemesha, na nikapiga picha. Kinda lilikuwa limekuwa ndege mzima, jekundu lenye kifua cha kijivu. Mwana wa Al Barsha alikuja kila Ijumaa kutazama kama ndege huyo bado yupo hai. Bi Mkubwa alimkaribisha chai na kumwambia angoje. Ndege anaweza kuwa na damu yote ya ukoo na asipinduke kamwe, aliniambia baada ya mwanawe kuondoka, au akapinduka asirudi. Hapo ndipo alipoonyesha hofu yake, mara moja tu, halafu akauliza kama nimewapa maji.

Novemba tukafungua. Nilipanda na bendera yangu ya kitambaa chekundu, nikawafukuza kibandani, wakatoka wote kumi na watatu, wale machotara, jike la kijivu, na wale ndugu wawili waliokuwa wa chungwa na sasa wamebadilisha manyoya wakawa weupe. Na dume letu katikati. Nikateremka mbio ili niwe kando ya kiti. Kundi likazunguka mara moja. Mara tano. Mara kumi. Machotara mmoja mmoja wakapinduka pinduka kidogo, kwa fujo, wakarudi. Dume letu likaruka tu. Nikasikia Bi Mkubwa anapumua.

Kisha likajirusha nyuma.

Sitaeleza zaidi kuliko hivi: lilipinduka kama baba yake, wima, bila kuyumba, mpaka usawa wa antena, na sote wawili tukabaki tunangoja nusu ya pili. Likafungua mabawa. Likasimama hewani. Likarudi juu. Nilipogeuka, Bi Mkubwa alikuwa amesimama. Bila fimbo, magoti yale yale, amesimama wima na uso juu, na nilimkumbatia tukazunguka wote wawili, mimi namzungusha yeye ananizungusha, mpaka kizunguzungu kikatushika tukaanguka pamoja kwenye kile kiti cha plastiki kikavunjika mguu. Tulikaa chini kwenye saruji tukicheka. Mwanawe alipopigiwa simu alidhani mama ameanguka, na ni kweli alikuwa ameanguka.

Wiki moja baadaye aliniita. Alikuwa na kiti kipya na daftari liko mapajani, limefungwa.

"Wamebaki wawili tena," akasema. "Dume na jike."

Sikuhitaji kusomewa. Dume ni lile jipya. Jike ni lile la kijivu. Nikahesabu vidoleni, nikahesabu tena nikiomba nimekosea.

"Huyo ni mama yake," nikasema.

"Ndo huyo."

"Mama mzazi."

"Nnajua, mwanangu. Ukisema huwezi, nitamwita mtu. Sitakukasirikia."

Nikamfikiria mama yangu na jogoo kwapani. Nikamfikiria baba wa Bi Mkubwa paani, amelala chali kwenye mkeka. Nikatazama ghorofa za mbali upande wa Al Barsha, ambazo kutoka kwetu zilikuwa vijiti tu. Halafu nikashikwa na kicheko, kile cha siku ya beseni, kikanipanda kutoka tumboni na sikuweza kukizuia.

"Mama yangu asijue," nikasema.

"Hajui kusoma herufi za Kiarabu?"

"Hajui."

"Basi hatajua."

Nikachukua simu mezani, kama kila siku, nikaelekea kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshakanyaga kipandio cha kwanza aliponiita.

"Hiyo simu iache," akasema. "Sitaki picha."

Nikarudi nikaiweka mapajani mwake, juu ya daftari, nikapanda.